Mate ya Kikao cha Asubuhi

Kila asubuhi, kabla cherehani hazijawashwa, meneja wa kiwanda cha sare za shule alisimama mbele ya meza ya kukatia vitambaa na kuuliza kama kuna mwenye dukuduku. "Aseme tu," alisema. "Hapa sisi ni familia moja." Mafundi walijibu kwa pamoja kwamba hakuna tatizo, bosi, mazingira ni mazuri, tunashukuru. Hapo ndipo sakafu ilipoanza kutoa mate.

Yalitoka katikati ya vigae, ya uvuguvugu, yenye povu, yakinuka kinywa cha mtu aliyeamka bila kusukutua. Siku ambazo meneja alisifiwa sana yalikuja na mabaki ya chakula. Yalitia kinyaa, lakini kinyaa nacho huzoeleka. Mafundi walinunua mabuti ya mvua, wakainua cherehani juu ya matofali, na mfagiaji akawa anayazoa kwa ndoo na kuyamwaga nyuma ya choo, ambako nzi walinenepa. Viatu vya meneja havikulowa kamwe. Mate yalimpisha kwa adabu. Kila fundi alidhani wenzake wanasifu kwa dhati, basi naye akasifu asije akaonekana mkorofi. Funika kombe mwanaharamu apite.

Mpiga pasi alikuwa na mimba ya miezi saba, na meza yake ilikuwa mwisho kabisa wa ukumbi, kwenye bonde la sakafu ambako mate yote yalituama. Miguu ilikuwa imevimba, mabuti hayakumwingia tena, akawa anavaa kandambili. Aliishi nyumba moja na wifi yake, mshona vifungo, dada wa mumewe. Jioni moja wakichambua mchele alimwambia, "Wifi, kesho nitaomba meza yangu isogezwe mlangoni. Wewe uniunge mkono tu."

"Ondoa shaka, wifi," mshona vifungo akajibu, akimgusa tumbo. "Huyo ni damu yetu."

Asubuhi mpiga pasi akasema. Meneja alimsikiliza kwa upole, mikono nyuma.

"Sakafu inateleza? Kuna mwingine anayeona inateleza?"

Mafundi wakatazama nyuzi zao. Meneja akamgeukia mshona vifungo, ambaye mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi ule. "Wewe ni wifi yake. Unaonaje?"

"Mimi naona kukavu, bosi. Labda ni mimba tu inamsumbua."

Hayo aliyasema shangazi mtu, bila kupepesa macho. Mate yalibubujika chini ya miguu yake mwenyewe, mazito kama kamasi, yakatiririka mpaka bondeni.

Kabla ya chai ya saa nne mpiga pasi aliteleza, tumbo likagonga ukingo wa meza. Mfagiaji na mkata vitambaa walimbeba, mate yakimchuruzika kwenye nywele. Mtoto hakupona. Meneja alituma rambirambi, na kuwakumbusha wote kwamba kandambili haziruhusiwi kazini.

Wiki iliyofuata meza ya pasi ilisogezwa mlangoni. Ilikabidhiwa kwa mshona vifungo, pamoja na mkataba mpya. Kikaoni aliulizwa anaionaje nafasi yake. Alisema ni nzuri mno, bosi, tunashukuru, huku akikunja gauni lisilowe.

Jioni alinawa miguu bombani uani, akaingia chumbani kwa wifi yake na kikombe cha uji. Akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Wifi, Mungu ananiona. Nilitaka kusema. Koo tu lilinikauka."

Kwenye saruji, kati ya miguu yake, povu likaanza kutoka. Mpiga pasi aliliangalia kwa muda. Kisha akainama polepole, akaziokota kandambili zake, akazipandisha kitandani.