Wakwe wa Pamba

Usiku wa jana niliota wakwe wamekuja kwangu kumchukua mtoto wao, na wote walikuwa panya.

Nieleze kwanza. Mimi ni fundi wa magrili hapa Tanga, na binti yangu Zuwena anafuga panya mweupe, jike, anayeitwa Pamba. Aliniomba nimtengenezee tundu zuri, nami nikalitengeneza kama ninavyotengeneza madirisha ya watu: nondo nene pande zote, sakafu ya nondo, kufuli juu. Hata simba asingeingia. Tangu Pamba ahamie humo hali chakula vizuri, amejikunyata kona moja, na Zuwena hasemi nami. Akitaka jambo anamtuma mama yake aje kuniambia. Sina mtoto mwingine, na nyumba ikinyamaza namna hiyo hata chai hainishuki.

Basi katika ndoto niko ukumbini, wakwe wamekaa kwenye mkeka wangu. Mjomba wa Pamba amevaa koti, bakora mkononi. Shangazi yake ni mnene, amejifunga kanga mbili, na kikombe chake cha kahawa hajakigusa. Hilo lilinitisha kuliko mikia yao, kwa sababu mkwe asiyegusa kahawa hakuja kutembea tu.

Mjomba alianza kwa mbali, kama desturi. Aliniuliza habari za afya, za mvua, za mahindi ya mwaka huu. Nilijibu vizuri. Kisha akakohoa, akasema wamepata habari kwamba mtoto wao hana raha, na ikiwa ni kweli wanaondoka naye leo hii.

Nilimweleza kwa adabu kwamba pamekosewa hapo, mimi sikuoa. Yule nilimleta nyumbani kwa ajili ya binti yangu.

"Ulimtoa kwao ukamweka kwako," alisema Mjomba. "Sisi tunakuita mkwe. Kama una jina jingine, litaje."

Nilimfikiria Zuwena akiamka na kukuta tundu tupu. Nikawasihi waje wajionee makazi yenyewe kabla ya kuamua.

Tundu liko palepale nilipoliweka, dirishani, ila sasa ni kubwa kama karakana yangu, na tunaingia kwa miguu huku jua linatuchoma. Nagonga nondo moja kwa kiburi cha ufundi, nawaambia mwizi hapiti hapa. Shangazi anapita katikati ya nondo mbili, anatokea nje, anarudi kwa nafasi ya pili. Kanga haikugusa chuma.

"Mtoto wetu angeweza kuondoka siku yoyote," alisema. "Amebaki kwa adabu tu. Tulimlea."

Wakaitwa mashahidi. Chupa ya maji ilisema, kwa kudondoka tone moja moja, kwamba nimeitundika juu mno na Pamba hunywa akisimama kwa ncha za vidole. Maranda ya msonobari niliyomtilia alalie yalisema harufu yao ni kali, hata yenyewe hayaivumilii, kisha yakapiga chafya yote kwa pamoja. Gurudumu la kukimbilia lilikiri kwamba lina nafasi nyingi kati ya nyaya zake na linaishi kwa hofu ya kunasa mkia wa mtu. Nilitaka kulikatiza, likaniambia nisubiri zamu yangu.

Zamu yangu ilipofika, Shangazi aliniamuru nivue viatu nisimame. Nilisimama. Nondo za sakafu zinaingia nyayoni. Nahamisha uzito mguu huu, nahamisha mguu ule, haisaidii. Nageuka kulalamika, na wakwe wameshatoka, nimebaki peke yangu.

Ng'ambo ya nondo namsikia Zuwena anacheka na mama yake, lakini hakuna anayeniita. Mtu ananisogezea sahani ya wali wa nazi na samaki wa kupaka. Mimi, ninayejulikana mtaa mzima kwa kula, nautazama wali ule na siutaki. Naenda kujikunyata kwenye kona moja. Hapo nilielewa, nikalia bila kujificha.

Waliporudi niliomba nafasi moja tu, nikaanza kazi. Nilisogeza tundu kivulini. Nilitandika maboksi juu ya nondo, nikayatoa maranda nje na kuyaomba radhi, nikaishusha chupa. Kikoi changu nilikifunga pembe nne kikawa susu la kulalia. Shangazi alipanda kwenye susu, akabembea mara moja, akaagiza kahawa yake.

"Na upweke?" aliuliza Mjomba.

Nilisema nitakuwa nakaa na Pamba kila jioni nikitoka kazini. Shangazi alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Utamsafisha manyoya ya kisogoni? Utalala naye mkia juu ya mkia?"

Ilinibidi niseme kwamba mkia sina. Waliinamiana wakanong'ona, masharubu yakicheza. Mjomba akatoa uamuzi kwamba Pamba atabaki, lakini atabaki na mtu wa kwao, kama vile bibi harusi anavyosindikizwa na jamaa wa kukaa naye. Nilishukuru sana. Nilidhani wataniachia binamu fulani, kijana, mpole.

Nimeamka asubuhi, nikaenda mbio dirishani bila kunawa uso. Pamba alikuwepo, anatafuna mahindi kwa mikono miwili. Pembeni yake alikuwepo panya wa kijivu, mnene, anapita nondo baada ya nondo, anaipima kila nafasi kwa masharubu, anafika mwisho anaanza upya.

Zuwena alikuwa amesimama hapo na nguo ya kulalia.

"Baba," aliniambia, mimi mwenyewe, bila kumpitia mama yake, "huyu naye ni nani?"

Yule wa kijivu aliacha kupima, akanigeukia, akangoja. Nilimwamkia Shangazi kwanza, ndipo nikamjibu mwanangu.