Treni ya Makadirio

Mama alikataa kula mpaka aambiwe treni iko wapi.

"Kaka yako ameshapanda treni hiyo mara mbili," alisema, akikwepesha mdomo kutoka kwenye kijiko. "Zote mbili kwa maneno."

"Safari hii amepanda kweli, Mama. Jana alipiga akiwa stesheni."

"Mlio wa treni uliusikia?"

Kitinda hakuwa ameusikia. Ndiye aliyekuwa mtoto wa mwisho wa nyumba ile, na jina la kitinda mimba lilimganda tangu utotoni, hata kwenye duka la dobi alikopiga pasi walimwita hivyo. Aliomba ruhusa kazini siku hospitali ilipowarudisha nyumbani. Daktari alimvuta pembeni kwenye korido, akamwambia ampe mama yake chochote anachotaka, kwa sababu dawa zilizobaki ni za maumivu tu. Na Mama hakutaka chochote ila kumwona mwanawe wa kwanza, aliyekwenda mbali kutafuta kazi, akaahidi kuja, asije, akaahidi tena, asije tena.

"Nikimwona anaingia kwa mlango ule," alisema Mama, "nitajua sikuzaa jiwe."

Simu ya kaka haikai na chaji. Tangu asubuhi ilikuwa haipatikani. Kitinda akashuka ngazi kwenda kwa fundi simu, ambaye meza yake ilikuwa chini ya ngazi hizo hizo, imejaa vioo vilivyopasuka na skrubu ndogo kama mbegu za ufuta. Fundi alimsikiliza bila kuinua jicho kutoka kwenye lenzi, kisha akanyoosha mkono.

"Lete hiyo simu, dada. Siku hizi ndege, meli, treni, vyote vinaonekana kwenye ramani. Hata anayekukwepa unamwona anavyokukwepa."

Aliweka programu, akaandika namba ya treni. Ramani ikafunguka, na juu ya mstari mweusi wa reli kikaonekana kidude cha kijani kikisogea taratibu kama mende mwenye adabu. Juu yake paliandikwa: MUBASHARA.

Kitinda alirudi juu akiruka ngazi mbili mbili.

"Tazama, Mama. Huyu hapa. Ameshavuka mto."

Mama, aliyeshona nguo za watu maisha yake yote, alivaa miwani na kuitazama ramani kama anayekagua mshono wa fundi mwingine.

"Nani anajua kama ni kweli?"

"Kuna setilaiti huko juu, inaona kila kitu. Mtu anaweza kudanganya, Mama. Hii haidanganyi. Nakuapia."

"Usiape."

"Basi siapi. Lakini haidanganyi."

Mama akala nusu bakuli.

Mchana ule wote simu ilikaa juu ya mto wa kulalia, na kila stesheni Mama alikuwa na neno lake. Kwenye kiwanda cha sukari alisema, "Hapo alinililia muwa. Nikamchapa, halafu nikamnunulia." Kidude kiliposimama kidogo Njia Panda, akasema, "Ameshuka kukojoa huyo. Toka utotoni kibofu chake ni cha kuku." Kitinda alicheka mpaka akafuta macho kwa upindo wa shuka. Alishukuru moyoni. Alidhani maombi yake yamefika.

"Kimbia, baba, kimbia," Mama alikiambia kidude.

Saa kumi jioni kidude kiliingia stesheni ya mjini kwao, kikatulia. Mama akataka kitambaa chake cha hariri cha kichwani, akataka ainuliwe akae, na mlango uachwe wazi. Kutoka stesheni hadi pale si mbali hata kwa mwenye mizigo. Wakangoja. Watoto wa jirani walipita koridoni wakisukuma tairi. Mwanga wa dirisha ukapanda ukutani.

"Labda anatafuta zawadi," alisema Kitinda.

"Mimi ni wa kutafutiwa zawadi saa hii?"

Kitinda alisema anakwenda kumchungulia njiani. Alikwenda kwa fundi, aliyekuwa akifunga meza yake. Fundi alichukua simu, akashusha ukurasa mpaka chini kabisa, akaikuza mistari ya herufi ndogo kama sisimizi na kuisoma kwa sauti: "Pasipo na taarifa kutoka kwenye treni, mahali pake huonyeshwa kwa makadirio ya ratiba."

Akaisoma tena, kimya.

"Dada, hii ni ratiba inatembea. Si treni."

"Uliniambia inaonekana."

"Nilisema." Akaweka kibano chini. "Mimi nafungua simu, nabadilisha kioo. Yanayopita ndani ya kioo nayaamini kama wewe tu."

Kitinda alipanda ngazi polepole. Alimweleza Mama yote kama alivyoelezwa: kwamba ramani ilikisia tu, kwamba treni yenyewe huenda bado iko mbali, kwamba kaka yumo humo. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Asubuhi haidanganyi," alisema. "Jioni inakadiria."

"Sikujua, Mama."

"Ulijua asubuhi, na sasa unanionea huruma. Amefika huyo. Amefika mjini akakumbuka kwingine kwa kwenda."

Hapo simu ikaita, namba ngeni. Alikuwa kaka, kwa simu ya abiria mwenzake. Kitinda akaweka spika, akaisogeza kwenye sikio la Mama.

"Shikamoo, Mama. Maji yamekula tuta la reli. Tumekwama toka alfajiri, porini kabisa. Natembea kwenda barabarani, nikipata gari..."

Nyuma yake sauti ya mtu ilipita ikinadi: "Soda baridi, maji baridi."

Mama alifumbua macho. "Porini wanauza soda?"

"Ni wanakijiji, Mama, wameona watu wamekwama, wakaja na..."

"Haya, mwanangu. Fanya shughuli zako."

Simu ikakatika. Kitinda aliipiga tena na tena, haikupatikana.

"Mama, yule anasema kweli."

"Mara ya kwanza ilikuwa homa. Mara ya pili bosi. Leo maji. Angeuza sababu huyo, tungekuwa matajiri." Hakutabasamu. Akavua kitambaa cha hariri mwenyewe, kwa mkono ambao asubuhi haukuweza kushika kikombe, akakikunja vizuri na kumkabidhi Kitinda.

Ulipofika wakati wa sala, Kitinda aliongoza. Kila jioni Mama alimtaja mwanawe wa kwanza kabla ya watu wote, kabla hata ya marehemu baba yao. Jioni ile hakumtaja. Kitinda akamtaja yeye: "Umlinde kaka yangu aliye njiani." Akangoja amina. Akasikia pumzi tu. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba Mungu ndiye ambaye hakusikia. Mama akageukia ukutani.

Kitinda alibaki amepiga magoti. Hakuomba tena uponyaji. Aliomba jambo moja, kwamba Mama aamini. Hakupewa. Asubuhi, maji ya kumwogeshea yalipokuwa bado jikoni, Mama alikata roho, uso ukiwa umeelekea ukutani vilevile.

Kaka alifika mchana. Aliona viti vimepangwa nje, akaelewa, akakaa kwenye ngazi ya chini kabisa. Tope lilikuwa limemkaukia hadi magotini, na soli ya kiatu kimoja ilifungwa kwa kamba. Kitinda akashuka, akasimama mbele yake.

"Lini?"

"Asubuhi hii."

"Aliniulizia?"

"Siku nzima."

"Alijua nilikuwa nakuja? Usinifiche, Kitinda."

Tangu alfajiri Kitinda alikuwa akitafuta uongo wa kumpa. Alipofungua kinywa, ulitoka ukweli.

"Alijua umefika, kaka."

Kaka akajifunika uso kwa viganja. "Mungu mkubwa," alisema, mabega yakimtikisika. "Mungu mkubwa. Basi alikwenda kwa amani."

Kitinda alikwenda kumletea maji ya kuoshea miguu. Alisimama pale bombani muda mrefu, ndoo ikajaa, ikafurika.