Bolti ya Mwenyekiti

Delwin Stapley alikuwa na gari lenye taa kumi na nne kwa mbele, na saa mbili usiku ilimkuta kitandani kila siku. Lilikuwa na winchi ya kuvuta ng'ombe watatu, sepetu ambayo haijawahi kugusa udongo, na rangi ya chungwa iliyoonekana toka kaunti ya jirani. Hapa Salt Wash, Utah, watu tulilitazama gari lile tukaona kiongozi, tukamchagua Delwin awe mwenyekiti wa Chama cha Magari ya Miambani. Mimi, Garn Ostler, ndiye katibu.

Msimu wa machipuko ulipofika, gari likaanza kumtia aibu. Likifika maili hamsini kwa saa na kupita kwenye kiungo cha daraja, magurudumu ya mbele yalicheza kushoto kulia kama yameingiwa na pepo, usukani ukimpiga vidole. Halikutulia mpaka asimame kabisa.

Jumamosi tukakusanyika uani kwake, wanaume watano, kila mmoja na soda yake ya barafu yenye sharubati ya nazi. Tukalizunguka gari kama tuko kwa mgonjwa. Hakuna aliyeinama. Kwa vitambi vyetu, mtu hainami bila sababu ya kidini.

"Matairi hayo," akasema Verl Draney, mwenye duka la mbegu. "Makubwa kupita kiasi."

"Ya kwako si makubwa kuliko haya?" nikamuuliza.

"Ndiyo, lakini ya kwangu yana adabu."

Rulon Peay, aliyefundisha muziki shuleni miaka thelathini, akasema kinachotakiwa ni shokapu ya usukani, ile ya kuzuia mtikisiko. Delwin akanunua. Gari likatikisika. Akaongeza ya pili, nyekundu, ghali zaidi. Gari likatikisika vilevile, ila sasa lilikuwa limependeza.

Mkewe Marva alikuwa akitusikiliza kutoka dirisha la jikoni. Marva alizaliwa shambani. Tangu ana miaka kumi na minne yeye ndiye aliyekuwa akifungua na kufunga mashine ya baba yake ya kukatia majani ya ng'ombe.

"Bolti mmeziangalia?" akauliza.

"Marva, mpenzi," Delwin akajibu kwa upole wa mtu mwenye wageni, "hii si mashine ya majani. Huku chini kuna sayansi."

Marva akafunga dirisha.

Wiki mbili baadaye tulikuwa njiani kwenda harusi ya mpwa wao. Mimi nilikuwa nyuma yao na gari langu. Marva alikuwa amepakata bakuli kubwa la viazi vya jibini, vile ambavyo kwetu havikosekani harusini wala msibani. Walipopita daraja, nikaona gari la chungwa likitetemeka kama mbwa aliyetoka majini, likayumba, likasimama pembeni mwa barabara. Nilipowafikia, viazi vilikuwa kwenye kioo, kwenye dari na kwenye tai ya Delwin.

Marva akashuka. Akatandika koti la mumewe changaraweni, upande wa bitana juu ili viazi visimpake zaidi, akajilaza na gauni lake la kwendea harusini.

"Vuta breki ya mkono. Injini iache iwake," akasema. "Shika usukani, uzungushe kidogo kushoto, kidogo kulia. Na usiniongeleshe."

"Lakini Marva..."

"Delwin! Kushoto, kulia."

Baadaye kidogo akaniita. "Ndugu Garn, njoo ulale hapa uone sayansi."

Nikalala. Kulikuwa na chuma kirefu kinachokwenda mshazari kutoka kwenye chasisi hadi kwenye ekseli ya mbele, ndicho kinachozuia ekseli isihame pembeni. Kila usukani ulipozunguka, ncha yake ya chini iliruka: tak, tak. Bolti ilikuwa inacheza ndani ya tundu, na tundu lenyewe, badala ya duara, lilikuwa limekuwa kama yai.

"Delwin," Marva akasema kutoka chini, "ulipolinyanyua gari hili kwa springi ndefu, fundi hakukwambia ukaze tena bolti baada ya maili mia tano?"

"Aliniambia."

"Ukakaza?"

Sauti ndogo ikasema kutoka kwenye usukani, "Nilifunga taa mpya."

Marva aliikaza kwa spana yangu, tukaenda harusini kwa mwendo wa trekta. Jumatatu akalichonga tundu likawa duara tena, akatia bolti nene inayokaa bila nafasi, na gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake akaikaza kwa spana ya kupima nguvu. Delwin akavuka daraja kwa maili hamsini na tano. Usukani ulitulia mikononi mwake. Aliniambia machozi yalimtoka, kisha akasema ni vumbi.

Kwenye chakula cha mwaka cha chama tukamkabidhi Delwin kikombe cha Fundi Bora. Nilimwona akikitazama, kisha akamtazama mkewe, na shingo ikamwiva kwa aibu.

"Jamani, ilikuwa bolti," akasema. "Moja. Na aliyeiona ni Marva. Mimi nilinunua shokapu mbili za bure."

Ukumbi ukaangua kicheko. Wakapiga makofi. Rulon akaninong'oneza, "Huo ndio unyenyekevu wa kiongozi." Delwin akarudia, kwa sauti zaidi, wakacheka zaidi. Akakaa, akamsogezea Marva kikombe. Marva akakitia mifupa ya kuku.

Lakini kesho yake Verl alikwenda kwa Stapley kuazima ngazi, na gari lake akaliegesha nyuma ya ghala lisionekane barabarani. Rulon akaenda kuuliza habari za nyanya. Mimi nilikwenda Jumanne, sikumbuki nilisema nimefuata nini. Nilimkuta mwenyekiti wetu amekaa ndani ya gari la mtu, ameshika usukani kwa mikono miwili, anasubiri amri kutoka chini.

Langu lilikuwa na bolti mbili zimelegea. Marva akatoka chini, akajipangusa.

"Wewe si ndiye katibu?" akaniambia. "Haya, andika: bolti mbili, na aliyeziona ni Marva."

Niliandika. Iko kwenye kumbukumbu za kikao, ukurasa wa mwisho, chini ya "Mengineyo".