Kahawa ya Jenerali Rastenegg

Katika jeshi zima la Malkia wetu wa Vienna hakuna jenerali hata mmoja aliyewahi kunidanganya. Sijisifu, ndivyo ilivyo: majenerali hawakuwa na tabia ya kuongea nami. Miaka ishirini na mbili nilifuata kikosi na mkokoteni wangu, nikiwauzia askari mvinyo, soseji na vifungo, na neno refu kuliko yote nililopata kwa jenerali lilikuwa, "Toa punda wako hapo!"

Kwa hiyo Jenerali Gundakar von Rastenegg alipoingia jikoni kwangu hapa mjini Olmütz, kofia mkononi, akaniamkia kwa jina langu la ubatizo, niligeuka nyuma nione anaongea na nani.

"Apolonia," akarudia. "Hujambo, mama? Nimewaletea kahawa."

Kahawa ya kweli, si ile yetu ya shayiri iliyounguzwa. Paka akimwamkia panya shikamoo, panya aanze kutafuta tundu.

"Imeharibika?" nikauliza.

"Nini?"

"Kahawa, Mheshimiwa."

Akacheka kicheko cha mtu aliyekwisha kuamua kucheka kabla hajabisha hodi. Kisha akaenda kitandani kwa mume wangu, Veit, akaketi kwenye kigoda, magoti yakamfika kidevuni, akamwita "rafiki yangu wa zamani." Veit akanitazama. Miguu yake ilikuwa imekufa tangu baridi ya mwaka juzi, lakini macho yalikuwa mazima, nayo yaliuliza: Polona, huyu anataka nini kwetu?

Huyu bwana nilimjua tangu akiwa na miaka kumi na minne, mjomba wake alipomnunulia kazi ya kubeba bendera, na upepo ukivuma ni bendera iliyombeba yeye. Vita vya Waprusi vilimkuta kapteni. Baadaye wakubwa wake wakafa mmoja mmoja, wengi kwa kuhara kuliko kwa risasi, na kila aliyekufa alimwachia ngazi moja. Vitani kwa Waturuki alikwenda meja, akarudi kanali, kisha akawa jenerali. Sisemi alikuwa mwoga. Nasema tu alikuwa na tumbo zima.

Kifua chake kilikosa kitu kimoja, nishani ya Msalaba wa Malkia. Msalaba huo hupewi, unauomba. Unaandika mwenyewe ushujaa wako, unaleta mashahidi wanaoapa kwamba waliona, na lazima ushujaa wenyewe uwe umeufanya kwa kichwa chako, bila kuamriwa na mtu.

Rastenegg alikuwa ameandika. Alikuwa amechagua siku ya kivuko cha Lipnik, miaka ishirini na minane nyuma, pale watu thelathini wa kombania yake walipovuka mto, maji kifuani, bila amri, wakateka mizinga minne ya Waprusi. Mashahidi wengine wote walikuwa makaburini. Alibaki Veit.

"Utasema tu nilikuwa mbele yako," jenerali akamwambia. "Hatua mbili, upanga mkononi."

"Sikukuona, Mheshimiwa."

"Kulikuwa na moshi."

"Mtoni?"

"Moshi wa mizinga, Veit!"

"Lo! Ulikuwa mwingi huo. Mpaka leo sijakuona."

Sasa ngoja niwaambie. Aliyewavusha wale thelathini ni Veit, wakati huo koplo. Jioni yake Kapteni Rastenegg alisema hakutoa amri yoyote, na kweli hakutoa. Veit akavuliwa cheo kwa uasi, akapitishwa mara sita katikati ya safu mbili za askari, watu mia tatu, kila mmoja na fimbo mbichi mkononi. Mgongo wake niliuosha mimi kwa siki. Kwenda bila amri kwa koplo ni fimbo, kwa kapteni ni msalaba.

Vidonda vya fimbo vilipona. Kilichokataa kupona ni karatasi. Nyumba ya askari wazee ilimkataa Veit mara mbili, kwa sababu mwenye kosa la uasi hapokelewi. Nami nina miaka sabini na moja. Wiki ile ile nilimnyanyua nimbadilishie shuka, tukaanguka wote wawili, tukalala sakafuni kama matango mpaka muuza maziwa alipokuja kutuokota.

Jenerali alilijua hilo. Sijui alilijuaje, ila alilijua.

"Apa tu, rafiki yangu," akasema, "nami nitaandika barua wakupokee wewe na mkeo."

"Barua itaandikwa lini?" nikauliza.

"Nikishapata msalaba."

Ahaa. Nikamimina kahawa taratibu, nipate kufikiri.

"Ataapa, Mheshimiwa," nikasema. Veit akanitolea macho; nikamfinya chini ya blanketi, kisha nikakumbuka kwamba mguu hausikii. "Ila nina wasiwasi. Shahidi aliyechapwa kwa uasi, Vienna watamwamini? Si watacheka? Afadhali kosa lake lifutwe kwanza, ndipo awe shahidi safi."

Nilimwona jenerali akiutafuta mtego, kama mtu anayetafuta mfupa katika samaki. Mwishowe akameza.

"Una akili, mama."

"Padri alinifundisha miaka mitatu tu, Mheshimiwa. Zilizobaki ni za kuuza mvinyo."

Mwenyewe sikuwa na hakika ya lolote. Nilijua tu kwamba jeshini hata kiatu kikipotea huandikwa, na kapteni aliyekana, lazima alikana kwenye karatasi.

Alhamisi akarudi na mwanasheria wa kikosi, Bwana Pacher, mtu mwembamba mwenye mafua, asiyeamini chochote. Kiti changu alikipangusa kabla ya kukaa. Kikombe alikinusa. Alikuwa na ombi la jenerali na faili la kale la Veit, limekuwa njano kama jibini.

Jenerali akasoma ombi lake kwa sauti nzuri, akatia sahihi mbele yetu. Pacher akafungua faili.

"Hakuna haja ya kulisoma hilo," jenerali akasema. "Futa tu."

"Siwezi kufuta nisichokisoma, Mheshimiwa. Ndiyo sheria." Akapenga kamasi, akasoma: "'Mimi, Kapteni Rastenegg, asubuhi hiyo nilikuwa kitandani, kwenye kinu cha unga, mwendo wa nusu saa kutoka mtoni, nikiumwa homa. Sikuona lolote, sikuamuru lolote. Koplo Veit Hruschka aliwapeleka watu wangu majini kwa kichwa chake.'"

Akaivuta karatasi ya ombi karibu na faili.

"Na kwenye ombi," Pacher akasema polepole, "asubuhi hiyo hiyo maji yalikufika kifuani."

"Homa ilikuwa imeshuka."

"Ukaenda mtoni?"

"Nikaenda."

"Kisha jioni ukaandika kwamba hukwenda?"

Jenerali akawa mwekundu kuanzia shingoni. "Sikuandika mimi! Hiyo aliandika karani wangu, akaniwekea sahihi. Sijawahi kuiona karatasi hiyo maishani mwangu."

"Una hakika, Mheshimiwa? Sahihi hii si yako?"

"Naapa kwa heshima yangu. Si yangu."

"Basi koplo hakushtakiwa na mtu yeyote," Pacher akasema. Akachovya kalamu, akapiga mstari juu ya kosa la Veit, kisha wa pili kuukatiza, akaandika tarehe na jina lake. Yote hayo jenerali hajamaliza kupumua. "Imefutwa. Nyumba ya wazee watapata nakala kesho."

Veit akaanza kulia bila sauti, mzee wa watu. Mimi nikajifanya nashughulika na jiko.

"Vizuri," jenerali akasema, akijikaza atabasamu. "Sasa tuendelee na ombi langu."

"Tuendelee. Huyo karani yuko wapi, tumhoji?"

"Alikufa. Vita vile vile, kabla ya Krismasi."

"Ulimwona akizikwa?"

"Nilishika jeneza."

Pacher akalaza karatasi mbili mezani kwangu, ya njano na nyeupe, ubavu kwa ubavu, akaniita nami nije nitazame. Herufi ya kwanza ya Rastenegg kwenye njano ilikuwa na mkia uliojikunja kama wa nguruwe. Kwenye nyeupe, mkia ule ule, umejikunja upande ule ule. Akaugusa huu wa pili kwa ncha ya kidole, akamwonyesha jenerali kidole chenyewe, cheusi.

"Basi marehemu yumo humu jikoni, Mheshimiwa," akasema. "Wino wake haujakauka."