Nyumba Iliyovuliwa Mabati

Jua la Kakuma, ambalo watu hulikimbia mwaka mzima, Awoi alilikaribisha ndani kama mgeni wa heshima. Alipanda ukutani na nyundo, akang'oa misumari, akateremsha mabati moja baada ya jingine mpaka nyumba ikabaki uchi mbele ya mbingu. Kisha akatoa godoro, meza, masanduku na sufuria, akavitandaza uani. Akasimama katikati ya chumba cha kulala, jua likimchoma utosini, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Wewe uko na kichwa kweli?" aliuliza Caritas, rafiki yake Mrundi wa kambi ya wakimbizi, akiwa mlangoni na beseni la matope. "Na mvua ikirudi?"

"Nitayarudisha mabati. Nguo ikilowa unaianika. Nyumba ina kosa gani?"

Mto Tarach, ambao kwa kawaida ni mchanga mtupu unaokatizwa na mbuzi, ulikuwa umeshuka kwa hasira, ukaingia mlangoni bila hodi. Maji yalipoondoka yaliacha matope ya kufika vifundoni, na matofali ya udongo yakawa yamelowa mpaka usawa wa kiuno. Pembe ya nyuma ilikuwa imevimba kama tumbo la mtu aliyeshiba. Kuta zikikauka kabla ya mvua nyingine, nyumba ingesimama. Zikianguka, Awoi angeacha kazi ya kusuka nywele aliyoifanya na Caritas katika chumba cha mbele, aende kukamua mbuzi kwa mama mkwe wake chini ya milima ya Pelekech.

Mumewe Ekal, dereva wa lori aliyekuwa Lokichoggio, alikuwa amemwambia waziwazi kwenye simu: "Ikianguka, utakaa kwa mama mpaka nipate nafasi ya kujenga." Awoi aliijua nafasi ya Ekal. Mlango wa choo ulikuwa bado unaingoja.

Basi kila asubuhi alipiga ukuta kwa kiganja, akasikiliza. Mwanzoni ulijibu kama donge la unga wa chapati. Baadaye ukaanza kuwa na sauti, isipokuwa ile pembe ya nyuma. Huko nje kulikuwa na lundo la matope yaliyotolewa ndani, limeuegemea ukuta, likiulisha unyevu. Walilihamisha kwa beseni mpaka mikono ikafa ganzi, na lundo halikuonyesha dalili ya kupungua.

Hapo ndipo alipotokea mama mkwe, Atiir, amepakwa mafuta, shanga zimejaa shingoni, anaimba. Nyuma yake walifuata punda watatu.

"Ejok," alisalimu, "mke wa mwanangu. Mpita njia amenikuta nakamua, akaniambia umevua nyumba na vitu viko nje. Nikasema, hatimaye amechoka na mji. Nimekuja tuhame."

Kosa halikuwa lake. Kwa Waturkana nyumba ni ya mwanamke, na mwanamke anayeifunua nyumba yake na kutoa vyombo nje ana safari moja tu. Awoi alifungua kinywa amwambie ukweli. Ila macho yake yakaangukia wale punda, migongo yao mipana, mikoba ya ngozi ikining'inia mitupu huku na huku. Akalitazama lundo. Akafunga kinywa.

"Karibu, Mama. Tupakie."

Caritas aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika.

Walipakia matope. Punda wakaenda kuyamwaga ng'ambo ya njia, wakarudi, wakapakiwa tena. Atiir aliwaongoza kwa mluzi, akiimba jina la kila mbuzi ambaye Awoi angemkamua. Lundo lilipofika nusu, akasimama.

"Mke wa mwanangu, na matope pia tunahama nayo?"

"Tunaanza na mizigo mizito, Mama."

"Udongo kwetu upo."

"Huu tumeshauzoea."

Caritas alikaa chini ndani ya beseni, akalia kwa kucheka.

Mkoba wa mwisho ulipoondoka, jua lilipata njia ya kuipiga ile pembe kutoka nje na ndani. Saa za mchana zikapita, ikaanza kupauka. Ndipo Awoi aliposema, "Mama, sihami. Nilikuwa naanika nyumba."

Atiir aliitazama nyumba, kisha punda. "Unaanika nyumba."

"Ndiyo."

"Kwa punda wangu."

"Wamenisaidia sana."

Mama mkwe akaenda kukaa kwenye godoro uani, akawapa mgongo. Hakukaa sana, kwa sababu juu ya Pelekech lilichomoza wingu jeusi, nono. Awoi na Caritas wakaruka ukutani na mabati. Atiir akainuka. Awoi alidhani anakuja kusaidia, kumbe bibi aliinua mikono miwili akaanza kuliimbia wingu lije upesi, liwaletee mbuzi majani.

"Mama, liambie lisubiri kidogo!"

"Wewe piga misumari. Mimi nina mbuzi."

Caritas, kwa kutojua la kufanya, akapigilia misumari kwa kufuata mwendo wa wimbo. Awoi naye akaufuata. Hawakuwahi kupigilia haraka vile. Bati la mwisho lilipokaa, mvua ilimwagika, na Atiir akaingia mbio, mikono bado iko juu. Wakajibana wote watatu chumbani, vyombo vikiachwa uani vilowe. Awoi akaipiga ile pembe kwa kiganja. Ikamjibu kama ngoma.

Mvua ilipiga, ikachoka, ikapita. Mto haukuvuka kingo. Ukuta haukusogea.

Simu ikalia. Ekal. Awoi akaiweka kwenye spika, wote wasikie.

"Nimeambiwa umenikimbia. Halafu nikaambiwa mama yangu ametolewa Pelekech kuja kubeba matope. Ukweli ni upi?"

"Huo wa pili."

Caritas akauma kanga yake.

"Awoi. Mwombe mama msamaha."

Atiir alikaza midomo akangoja, mgongo wake ameuegemeza kwenye ile pembe ya nyuma.

"Nimemshukuru," Awoi alisema, "na kesho nitamshukuru tena. Punda watakula mahindi yangu. Lakini nyumba imesimama, Ekal, na mama yako ameiegemea. Msamaha siombi."