Saa Tatu ya Kinole

Tii. Kimya kidogo. Tii tena, halafu mtu akafyonza.

Niliisikia nikiwa bado nje, nashuka kwenye pikipiki mbele ya ofisi ya kikundi chetu pale Kinole. Mlio ule naujua: ni kompyuta inayokataa jambo. Na aliyefyonza nilimjua pia. Bibi Mwanaheri, mwenyekiti wetu, hafyonzi ovyo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Luqmani. Ingia uone maajabu. Jana ilinifungulia, leo inanifukuza kama mwizi."

Sisi ni wakulima wa pilipili manga. Msimu huu, kwa mara ya kwanza, mzigo wetu uliingia kwenye mnada wa mtandaoni. Wanunuzi wa mbali walikuwa wametaja bei ambayo milima hii haijawahi kuisikia, na kilichobaki ni sisi kubonyeza kwamba tumekubali, kabla ya saa nne asubuhi, kupitia moja ya kompyuta mbili za ofisi. Simu haikubaliki, kikundi kimesajiliwa kwa mashine hizo tu. Tukichelewa, mzigo unaondolewa mnadani, na mnunuzi anabaki mmoja. Huyo mmoja alishafika. Gervas, dalali wa kutoka Dumila, alikuwa amejikalisha kwenye benchi letu, laptop mapajani.

"Kwangu inafunguka," alisema, akiigeuza ili wanakikundi wote waone. "Hii hapa, tovuti nzima. Ugonjwa uko kwenye mashine zenu na kwa anayezishika. Bibi, wewe lima pilipili. Kompyuta waachie wenye macho."

"Macho haya haya," Bibi akamjibu, "ndiyo yaliyokiona kisado chako cha kupimia kimetanuliwa kitako ili kimeze zaidi."

Watu wakacheka. Gervas naye akacheka, lakini hakuinuka. Alikuwa na subira ya mtu anayejua saa inamfanyia kazi.

Nikakaa. Mimi ni fundi. Nina meza yangu mjini Morogoro, na hakuna mwalimu anayenidai shukrani. Kompyuta nilijifunza kwa kuzifungua, kama nilivyojifunza mashairi kwa kutunga mabaya mpaka yakaanza kutoka mazuri. Nikawaambia watu watulie, nitamaliza kabla chai haijapoa.

Chai ilipoa. Kivinjari kilileta ukurasa mweupe wenye alama nyekundu na onyo kwamba tovuti ya mnada si salama. Nikafuta kumbukumbu zake zote. Onyo. Nikaweka kivinjari kingine. Onyo lile lile. Nikahamia mashine ya pili, nayo ikalia tii. Tovuti nyingine zilifunguka vizuri kabisa. Ni hii moja tu, ile tuliyoihitaji.

"Fundi," Gervas akaita kwa upole wa kuudhi, "nianze kupakia magunia?"

"Gusa gunia uone," nikasema.

Nikaamua kujaribu mtandao wa simu yangu. Nikailaza simu kando ya kioo cha kompyuta ili ninakili nywila, na hapo macho yangu yakaziona saa mbili zikiwa zimekaribiana. Simu ilisema 9:24. Kompyuta ilisema 3:24. Zote mbili nilizisoma saa tatu na dakika ishirini na nne. Nikanakili herufi ya kwanza, ya pili, kisha mkono ukasimama.

"Bibi, nani anaweka saa za mashine hizi?"

"Mimi. Betri zake za ndani zimekufa, umeme ukikatika zinasahau. Kila asubuhi nikifungua ofisi naziwekea." Akatazama nje, jua lilipokuwa juu ya migomba. "Kwani sasa si saa tatu na ushei?"

"Ni saa tatu na ushei, Bibi. Hujakosea."

Nikawaeleza wote. Tovuti salama hubeba kitambulisho, na kitambulisho kina siku na saa ya kuanza kutumika. Cha zamani kilikuwa cha miezi iliyopita, ndiyo maana jana hapakuwa na shida. Leo alfajiri wenye mnada wametoa kipya. Mashine huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, si alfajiri; kwa tatu ile zinaamini bado ni usiku, na kwao kitambulisho hicho hakijazaliwa. Laptop ya Gervas hujiwekea saa yenyewe kutoka mtandaoni, kwa hiyo inakiona.

Gervas akapiga paja. "Saa tisa usiku! Bibi wa watu yuko saa tisa usiku, anauza pilipili na wachawi!"

Damu ilinipanda. Nikasimama.

"Umekaa hapa tangu asubuhi, Gervas. Saa hiyo iko mbele ya pua yako. Uliona nini?"

Akainamia laptop yake.

"Uliona saa tatu, kama mimi, kama kila mtu humu ndani. Basi sikia:

*Jua likitoka nyuma ya milima, twahesabu,*
*Saa moja tumesema, toka enzi za mababu.*

Mashine ndiyo mgeni. Sisi tuko kwetu."

Akina mama wakapiga vigelegele. Nikabadilisha tatu ikawa tisa, nikapakia ukurasa upya, na mnada ukafunguka, bei yetu ikiwa imesimama pale pale. Sikubonyeza. Nilimpisha Bibi kitini. Akajifuta kidole kwenye khanga, akabonyeza kukubali, na kioo kikaandika kwamba mzigo wa Kinole umeuzwa. Gervas akafunga laptop taratibu, akaaga. Bibi akamkumbusha asisahau kisado chake.

Kelele zilipotulia, alifungua fundo la khanga na kutoa ufunguo wa ofisi.

"Chukua, mjukuu wangu. Nusura niwamalize. Mwakani siku kama hii huenda wewe uko mjini."

Nikamfunga vidole juu ya ufunguo ule. Niliongea kwa sauti, ili hata waliokuwa barazani wanisikie.

"Huu ni wako, Bibi Mwanaheri. Betri nitazileta kesho. Na kabla ya mnada ujao nitakuandikia programu ndani ya mashine hizi: wewe utaweka saa kama jua linavyokwambia, yenyewe itajua inachotakiwa kuwaambia wazungu. Nakuahidi, Bibi: kompyuta ya Kinole itahesabu siku kuanzia asubuhi."