Moshi Ulioshuka Uani Kwako

Majivu yalikuwa yakicheza, Orfelina. Kila asubuhi jua likiingia kwa dirisha la jikoni kwangu liliyakuta hewani, madogo, mepesi, yakipanda na kushuka, yakipanda na kushuka, kama watu wa sherehe wasiotaka kwenda kwao. Wewe ndiwe uliyeyaona kwanza. Ulikuwa umekaa kwenye benchi, umevua viatu, nyayo umezielekeza motoni, ukasema, "Zunilda, tazama. Hata vumbi la nyumba hii linapenda umbea." Tulicheka mpaka jirani yetu Mzee Eleodoro akamwaga maji ya birika.

Sasa nasema nawe kimoyomoyo tu, maana kwa mdomo nimeshasema. Neno moja. Na najua umelisikia.

Lile jiko la chuma Amador, mume wangu, alilileta kwa mkokoteni wa ng'ombe, likiwa limelala chali kama mgonjwa. Yeye amekwenda, jiko likabaki. Lilipika, likakausha soksi, likakausha na machozi, likaita watu. Huku kwetu kusini mwa Chile, ambako mvua hailali na milima haivui theluji, moshi ukitoka kwenye bomba maana yake mlango uko wazi. Habishi mtu hodi. Unaona moshi, unaingia. Nyumba isiyo na moshi watu huipita kama kaburi la mtu wasiyemjua, na mimi, Orfelina, tangu Amador azikwe hicho ndicho kitu pekee nilichokiogopa: kupitwa.

Nikawasha. Kila siku nikawasha. Wakaja.

Na kibuyu kikazunguka. Majani machungu ya yerba, maji ya moto, mrija mmoja wa chuma, midomo yetu sote. Mimi najaza, wewe unanyonya mpaka mrija unakoroma, unanirudishia bila neno, nami namjazia wa pembeni yako. Bila neno, kwa sababu kwetu anayerudisha kibuyu na kusema asante amesema basi, nimetosheka, usinijazie tena. Asante ni kuvaa koti. Asante ni kwaheri. Jikoni kwangu neno hilo lilichelewa sana kusikika, na wewe, somo yangu, ulilichelewesha kuliko wote. Mara nyingine hukulisema kabisa, ukalala palepale benchini, kibuyu kifuani kama mtoto.

Kisha mwaka huu yakaja majira ya uongo. Aprili, baridi yetu inapoanza, imefika, majani yamekuwa mekundu mlimani, matufaha yameanguka na kuoza uani, na baridi haikuja. Hewa ya uvuguvugu. Hewa nzito. Hewa iliyoulalia mji kama ng'ombe aliyeshiba.

Moshi hupenda baridi. Nje kukiwa na baridi bomba huvuta, moto hunguruma, moshi hupanda wima kama mtu aliyeitwa jina. Lakini nje kukiwa na joto kama la ndani, moshi hauoni sababu ya kwenda. Unatoka mdomoni mwa bomba, unasita, unateremka paa, unavuka ua, unaingia kwako.

"Leo unatukausha, Zunilda?" Eleodoro akauliza, akipepea kwa kofia. "Kama samaki wa sokoni?"

"Kausha kwanza ulimi wako, mzee. Ndio unaonuka."

Mkacheka. Macho yenu yalikuwa mekundu, yanatiririka, na mkacheka.

"Lakini na joto hili lote, mwanamke, unawashia nini?"

Niliwashia ninyi. Ningewashia nini kingine? Siku hewa ilipolala kabisa redio ilitangaza: leo ni marufuku kuwasha kuni mjini. Nikaizima redio, nikawasha kuni. Moto mdogo tu. Wa birika tu. Wa kuonekana tu.

Na kuni zenyewe, unazijua. Kuni kavu ukizigonganisha hulia kama kengele. Mbichi hulia kama umegonga mkate. Za mwaka huu zilikuwa mkate. Mtu wa lori aliapa kwa mama yake kwamba zimekauka, akaondoka kabla sijazigonga. Kuni mbichi haziruhusiwi, na wakaguzi huanzia bandani, kwa hiyo tukazihamisha, mimi na wewe, kwa mikono yetu, tukipokezana na kuguna. Tukazipanga kwenye kitanda cha Amador, chumba cha nyuma. Tukazifunika kwa blanketi lake la sufu. Ukalipapasa lile blanketi kwa kiganja, umekaza uso kama muuguzi.

"Lala salama, Amador," ukasema. "Ila umenenepa, ndugu yangu."

Nilikaa chini kwa kicheko. Sijawahi kumcheka marehemu na kujisikia nimempenda kiasi kile. Wewe na mimi tu ndio tulijua. Hata Eleodoro hakujua, na yule hujua mimba kabla ya mwenye tumbo.

Halafu ile siku.

Uliingia na hukuvua koti. Ulikaa ukingoni mwa benchi, kama mtu aliyekuja kuulizia njia. Nikakujazia kibuyu cha kwanza. Ukanyonya, mrija ukakoroma, ukanirudishia huku unatazama sakafu.

"Asante, Zunilda."

Jiko likalia peke yake.

"Mara hii?" Eleodoro akasema. "Hata benchi halijapata joto! Kuna mwanamume anakusubiri, au?"

"Rayén anakohoa," ukasema. "Hajalala vizuri."

Mjukuu wako. Yule mwenye meno yenye mwanya.

"Mpe asali," nikasema. "Asali na kitunguu, umfunge na shali kifuani. Atacheza kesho."

Ukanitazama. Midomo yako ikafunguka. Ungeniambia, Orfelina. Kuni zilikuwa zinatoa maji, zinalia, moshi umeteremka mpaka usawa wa taa; ungenyoosha kidole tu, hata kusema usiseme. Midomo ikafumba. Ukatoka, na mlango ukaurudisha taratibu mno, kama mtu anayetoka chumba cha mtu aliyelala.

Kesho yake akaja mkaguzi. Kijana mpole, kofia mkononi, utadhani amekuja kuposa. Bandani hakwenda. Jiko hakulitazama.

"Samahani, mama," akasema. "Chumba cha nyuma. Kitandani. Chini ya blanketi."

Nilisimama na birika mkononi, maji yakichemka, na mimi ndani nikipoa. Alilifunua blanketi la Amador polepole, kwa heshima, kama wanavyofunua uso wa maiti ili ndugu wamtambue. Nami nikamtambua. Nikakutambua wewe.

"Nani kakuambia?"

"Hatusemi, mama."

"Hujasema, mwanangu. Lakini nimesikia."

Akaufunga mlango wa jiko kwa waya, akaubana ule waya kwa muhuri mdogo wa bati. Nikiukata, alisema, watakuja kulichukua jiko lenyewe. Akaomba radhi tena. Nikampa tufaha. Kosa halikuwa lake.

Moshi ukakatika, na watu wakakatika.

Nilikuwa nawasikia wakipita. Viatu vya Eleodoro, kile cha kushoto kinachoburutwa, vilipunguza mwendo langoni kwangu, vikasimama kidogo, vikaendelea. Vikaingia kwako. Kwako ukutani kumetundikwa hita ya umeme, nyeupe, haina moshi, haina majivu, inanong'ona tu. Ungeniambia hata hilo, kwamba unaweka hita. Ningekuja kuishika.

Tumewasema watu, wewe na mimi. Tumemsema padri na viatu vyake, tumemsema mwokaji, mke wa mwokaji, na yule aliyekuja baada ya mke wa mwokaji. Kila mwenye mgongo tulimsema. Wangu nilidhani uko salama kwako, maana ulikuwa ukiuegemea. Na hata ungenisema, somo! Ungenisema kwa Eleodoro, ungenisema foleni ya mkate, ungewaambia nimezeeka, nimekuwa mchafu, napika kwa uchafu. Ningekasirika wiki nzima, kisha ningecheka. Kusemwa nimezoea. Wewe umekwenda kwa mtu asiyenijua, ukamweleza kitanda cha mume wangu kilipo, na bila hata kicheko.

Ungeniambia: Zunilda, moshi wako unamtesa mtoto. Ningekutukana, naam, ningepiga kelele mpaka kuku waruke ua. Halafu ningeumwagia moto maji kwa mkono wangu huu.

Nikaja kwako. Mchana, jua limewaka kwenye dirisha lako, watu wangu wote wamekaa kwenye viti vyako. Eleodoro akawa anatafuta kitu ndani ya kofia yake. Rayén alikuwa amelala kwenye zulia, na nilimsikia akipumua, pumzi laini, haikwaruzi popote. Nilifurahi. Usije ukasema sikufurahi.

"Karibu, somo," ukasema. "Kaa huku, kuna joto."

"Naliona."

Nikakaa ukingoni. Koti sikuvua. Ukajaza kibuyu, maji yakakumwagikia kidoleni na hukusema ah. Ukanipa. Ukainama karibu, sauti ya chini, ile sauti yetu ya kusemea watu.

"Nilitaka kukuambia. Kila siku nilikuja nikitaka kukuambia. Lakini kwako kumejaa watu asubuhi mpaka usiku, Zunilda. Ningekuambia lini?"

Nikanyonya. Machungu, moto, machungu. Nililitafuta jibu katika kile kibuyu mpaka chini. Lini? Siku ya kitanda tulikuwa wawili. Tulikuwa wawili, Orfelina, na Amador wa kuni, na ulikuwa unacheka. Ningekujibu hivyo. Lakini mrija ukakoroma, na watu wote walikuwa wanatutazama.

Nikakurudishia kibuyu.

"Asante," nikasema.

Hita ikanong'ona. Mkono wako ulibaki hewani umeshika kibuyu kitupu, kama hujui kimetoka wapi.

Nilipoinuka koti langu likatikisika. Koti la jikoni, koti la miaka yote ile, na katika mikunjo yake majivu yalikuwa yamejificha. Yakatoka, yakaingia kwenye mwanga wa dirisha lako safi. Madogo, mepesi. Yakipanda na kushuka, yakipanda na kushuka, juu ya viti vyako, juu ya vichwa vya watu wangu, na hakuna aliyecheka. Nilisimama mlangoni nikiyangoja, kama mtu anayewangoja wanawe watoke shereheni waende nyumbani.

Hayakuja. Hata vumbi langu, Orfelina. Hata vumbi langu limebaki kwako.